Mchaichai umenona baada ya urea, mafuta yamekuwa utando. Kosa ni la mbolea?

#1 Shamba_Bondeni
Wakuu, salaam. Nina mchaichai hapa Muheza na tunakeneka mafuta wenyewe (tunayatoa kwa mvuke) kwa pipa la stenlesi. Msimu huu nusu ya shamba nimeweka urea, kisoda kimoja kila shina. Nusu nyingine nimeacha na samadi ya ng'ombe tu. Upande wa urea majani ni mapana, kijani kilichokoza, yananifika kifuani. Upande wa samadi ni mafupi na ncha zina umanjano.

Kichekesho sasa: pipa likijaa majani ya urea, kwenye chupa ya kupokelea unaona utando mwembamba tu unaelea juu ya maji. Pipa lile lile, majani ya samadi yanatoa mafuta ya kuonekana kabisa, na harufu inakupokea ukiwa bado mlangoni. Mnunuzi wangu anataka mafuta, si majani. Ni kweli mbolea za chumvichumvi zinaua mafuta? Naomba waliofanya kwa mikono yao, wazee wa kugugo wapumzike kidogo.

#2 Mchunga_Mbuzi
Nimeweka kambi hapa.

#3 Mzee wa Makonyo
Kijana, mmea ukinoneshwa hulala. Huku Pemba mikarafuu hii tangu enzi za mababu haijui urea ni kitu gani. Ni kupalilia chini, basi. Na karafuu yetu ukiiminya kwa ukucha mafuta unayaona. Makonyo, yaani vile vikonyo vya karafuu, tunayopeleka kiwandani Wawi nayo hutoa mafuta vilevile. Dawa hutoka kwenye mti ulioonja shida.

#4 Njuguna wa Nanyuki
Heshima zako mzee, lakini #3 unachanganya vitu viwili visivyokutana. Karafuu kavu ina mafuta kama asilimia 15 hadi 20. Makonyo ni kidogo kuliko hapo, majani ya mkarafuu kidogo zaidi. Mchaichai mbichi ni 0.2 hadi 0.5 tu. Halafu nyinyi mnachuma vikonyo vya mti uliosimama miaka na miaka, mizizi imeenda chini. Huyu jamaa anakata nyasi mara nne au tano kwa mwaka na kuzibeba zote. Kila mkato unaondoka na naitrojeni na potasiamu nyingi. Asiporudisha kitu, mwaka wa tatu atakuwa anavuna vijiti.

Huku kwetu tunaweka CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, kwenye mchaichai na mafuta tunapata.

#5 kijana_wa_Moro
Swali la #1 lina maswali matatu ndani yake na ndiyo maana watu watabishana hadi kesho. Kuna asilimia ya mafuta ndani ya jani. Kuna jumla ya mafuta kwa ekari. Na kuna ubora wa mafuta yenyewe, yaani sitrali, kile kinachoupa mchaichai harufu ya limau, ni kiasi gani. Mbolea inaweza kushusha la kwanza, ikapandisha la pili, na la tatu isiliguse.

Chukua mfano tu, si takwimu za mtu. Ekari bila urea inatoa tani 1 ya majani kwa mkato, mafuta asilimia 0.4. Hapo una kilo 4. Ukiweka urea inatoa tani 1.6 na asilimia imeshuka hadi 0.3. Una kilo 4.8. Kwa hiyo jani limekuwa hafifu lakini shamba limekupa zaidi. Wengi wanaosema "mbolea inaua mafuta" wameangalia chupa ya pipa moja, hawajajumlisha shamba zima.

#6 Mama Chupa
#5 hesabu nzuri, ila inaonekana hujawahi kununua kuni.

Mimi nakeneka Lushoto, mchaichai, rosemari na mkaratusi. Chukua mfano huohuo. Pipa langu linameza kilo 100. Tani 1 ni mizunguko kumi. Tani 1.6 ni mizunguko kumi na sita. Mafuta yameongezeka kwa asilimia 20, kuni, maji ya kupozea na posho ya kijana wa motoni vimeongezeka kwa asilimia 60. Na kukata na kubeba juu. Mwenye kuuza majani kwa kilo aweke urea aimbe. Mwenye kukeneka anaangalia pipa, na pipa halijui ekari.

#7 Mchunga_Mbuzi
Mama Chupa kamaliza. Mods fungeni uzi 😂

#8 Njuguna wa Nanyuki
Hajamaliza, kwa sababu bado hatujui huyu ndugu alipima nini. Shamba_Bondeni, hayo majani ulipima kwa mzani au ulijaza pipa tu kwa macho?

#9 Shamba_Bondeni
Nilijaza pipa tukakanyaga. Mzani ninao wa kunasa kwenye mti, ila siku ile ulikuwa kwa shemeji.

#10 Njuguna wa Nanyuki
Haya basi. Majani mapana mabichi yamejaa maji. Pipa la majani ya urea na pipa la majani ya samadi yenye ncha kavu si kitu kimoja hata kidogo. Huenda pipa moja lina majani makavu zaidi kwa kila kilo, au lingine halikushindiliwa vizuri na mvuke ukapita pembeni bila kugusa majani ya katikati. Ukitaka kulinganisha, chukua kilo moja ya kila upande, ianike kivulini mpaka ikauke, pima tena. Ndipo utajua unalinganisha mafuta na mafuta au mafuta na maji.

#11 Bint wa Wete
Mimi swali langu jengine. Ulikata lini? Maana huku tukikata baada ya mvua, hata iwe mchaichai mzuri vipi, mafuta huwa haba. Tunangoja jua lipige siku mbili tatu, umande ukauke, ndio tunakata. Na tukishakata tunayalaza kivulini usiku mmoja yanyauke kidogo kabla ya kuingia pipani.

#12 Shamba_Bondeni
Dada #11, upande wa urea tulikata asubuhi baada ya mvua ya usiku, kwa sababu fundi wa pipa alikuwa na safari. Upande wa samadi tulikata wiki iliyofuata, jua kali.

#13 Mchunga_Mbuzi
Yaani unatuletea kesi na shahidi mwenyewe kalewa.

#14 kijana_wa_Moro
Sawa, tukio lake lina dosari, lakini swali lenyewe halifi. Kuna nadharia kabisa inayomuunga mkono Mzee wa Makonyo. Mwaka 1983 John Bryant, Stuart Chapin na David Klein walitoa hoja ya mizania ya kaboni na virutubisho. Kwa lugha ya shambani: mmea ukipata jua la kutosha huku naitrojeni ikiwa haba, unashindwa kukua, lakini usanisinuru unaendelea kuuletea kaboni. Kaboni hiyo ya ziada inaingia kwenye vitu vya kujilinda. Mafuta ya mchaichai ni jamii ya terpeni, kundi la kemikali za harufu za mimea. Sitrali ina kaboni, haidrojeni na oksijeni, naitrojeni haimo hata chembe. Ukimwaga urea, kaboni yote inakimbilia kujenga majani mapya na ya kujilinda inapungua.

Kwa hiyo "mti ulioonja shida" si hadithi ya vibaraza tu.

#15 Mzee wa Makonyo
Ahsante mwanangu. Nilijua bila ya hao watatu.

#16 Daktari wa Udongo
#14 umeishia njiani. Nadharia ile ilipigwa msasa sana baadaye. Mwaka 1998 Julia Koricheva na wenzake walikusanya majaribio mengi ya mimea ya miti wakayapima kwa pamoja. Kwa jamii ya fenoli, kundi jingine la kemikali za kujilinda, ilionekana kukubaliana na hoja ya 1983. Kwa terpeni haikukubaliana. Na sisi hapa tunazungumza terpeni.

Sababu inaeleweka ukiangalia jikoni kwa mmea. Terpeni haina naitrojeni, kweli, lakini vimeng'enya (vichochezi vya mmea) vinavyoiunda ni protini, na protini bila naitrojeni haipo. Malighafi yake inapita katika hatua zenye fosfati, na nguvu ya kuiendesha nayo inabebwa na fosfati. Mmea wenye njaa ya naitrojeni na fosforasi hauna kaboni ya ziada, una njaa tu. Ncha za majani ya samadi ya Shamba_Bondeni zenye umanjano zinaweza kuwa njaa hiyohiyo.

Kuna jambo jingine la mchaichai. Jani changa linalotanuka kwa kasi ndilo lenye mafuta na sitrali nyingi, likizeeka vinapungua. Urea inasukuma machipukizi mapya. Ukikata kwa wakati, urea inaweza KUONGEZA mafuta. Ukichelewa, una msitu wa majani mazee marefu. "Yananifika kifuani" amesema mwenyewe. Mchaichai wa kukeneka haungojewi ukufike kifuani.

#17 Mama Chupa
Hapo kwenye kuchelewa nakubali. Mimi nikiacha mkato upite miezi mitatu, pipa linakuwa jepesi la harufu, niwe nimeweka mbolea au sijaweka.

Kwa rosemari ni kinyume kabisa na mnavyosema. Kitalu nilichokiwekea samadi ya kuku kwa wingi kilitoa vitawi virefu laini, vinalala, na ukungu ukaingia. Kitalu cha mawemawe pembeni ya njia kina majani mafupi magumu, ukipita sketi inanukia siku nzima. Sina maabara, nina pua.

#18 Kipilipili
#17 samadi ya kuku ni naitrojeni nyingi na ya haraka kuliko ya ng'ombe, watu wanadhani "ni ya asili" basi haina nguvu. Ukiizidisha, mmea hauulizi naitrojeni imetoka kwa kuku au kiwandani.

Na kwa faida ya wageni: mafuta hayakai mahali pamoja kwenye kila mmea. Yanakaa kwenye vinyweleo na vifuko vidogo juu ya jani. Mbolea ikilitanua jani, vifuko vinatawanyika tu.

#19 Daktari wa Udongo
Hiyo ya vinyweleo ni kweli kwa mrehani, mnanaa, rosemari na jamii yao. Si kwa mchaichai. Mchaichai unahifadhi mafuta ndani ya seli katikati ya jani, ndiyo maana jani zima halinukii mpaka ulikunje au ulikatekate. Mrehani ukiugusa tu mkono unanuka.

Mwenye lenzi ya kukuza achukue jani la mrehani, aligeuze chini, alipindishe kwenye jua. Ataona vitone vinavyong'aa kama matone ya gundi. Ahesabu kwenye jani lenye mbolea na lisilo na mbolea, eneo la ukubwa wa punje ya mchele. Utafiti wa bure huo.

#20 Bint wa Wete
Nimefanya sasa hivi kwa lenzi ya baba ya kusomea msahafu. Vitone navioni wallahi! Vina umanjano hivi. Majani madogo ya juu yamesongamana vitone, majani makubwa ya chini vimeachana. Lakini mrehani wangu hauna mbolea yoyote, upo koponi dirishani, kwa hivyo sijui nimethibitisha hoja ya nani.

#21 Kipilipili
Yangu.

#22 Njuguna wa Nanyuki
Ya hakuna mtu. Jani dogo halijatanuka bado, vitone vitasongamana tu hata ukimwagia maziwa.

Mimi naamini mnaipa mbolea sifa na lawama zisizo zake. Mbegu ndiyo kila kitu. Huku Laikipia kuna wakulima wadogo wa mti wa Australia, melaleuka. Mnunuzi anapima terpineni-4-oli, kiungo anachokitaka kwenye mafuta yake. Ukipanda aina isiyo na terpineni-4-oli nyingi, hata uilaze kwenye mboji, haitakupa, itakupa sineoli. Mrehani ni hivyohivyo. Kuna wenye linaloli nyingi, kuna wenye methili-kavikoli, kuna kivumbasi chenye yujenoli kinachonukia karafuu na kingine chenye thaimoli. Mbolea inaongeza au kupunguza wingi, haibadilishi mmea kuwa mwingine.

Swali kwa mwenye uzi: miche ya pande zote mbili ilitoka sehemu moja?

#23 Shamba_Bondeni
Hapana mkuu. Upande wa samadi ni vichipukizi vya shamba la zamani la marehemu babu. Upande wa urea niliongezea kwa jirani aliyekuwa anang'oa wake. Tena kuna mashina machache upande ule yana wekundu chini karibu na udongo. Picha imegoma kupanda, mtandao wa huku mnaujua.

#24 Mchunga_Mbuzi
Kila ukiulizwa unafungua mlango mwingine. Ukiulizwa mara ya tano utasema pipa ni la kuazima.

#25 Kipilipili
Wekundu chini = mchaichai wa mbu. Umepanda sitronela kaka, si mchaichai wa chai. Ndiyo maana harufu haikupokei mlangoni. Mafuta yake ni sitronelali na geranioli, sitrali hakuna ya maana. Uzi umekwisha.

#26 Mama Chupa
Haujaisha. Sitronela ya Java inatoa mafuta MENGI kuliko mchaichai wa chai, si machache. Angekuwa nayo shamba zima asingelia utando. Na mashina machache hayawezi kumaliza pipa.

#27 Daktari wa Udongo
Na wekundu peke yake si ushahidi, hata mchaichai wa Kihindi una wekundu kwenye shina. Njia rahisi: mchaichai wetu wa chai huku hauchanui maua kwa kawaida, ndiyo maana tunapanda vichipukizi. Ukiona mashina yale yanatoa masuke na mbegu, una aina nyingine.

#28 Mjukuu wa Tabibu
Habarini. Mbona mmesahau artemisia? Bibi yangu anaipanda na anasema ikiwekewa mbolea dawa ya malaria inapotea kwenye mafuta yake.

#29 Daktari wa Udongo
Karibu. Artemisinini, yaani hiyo dawa ya malaria iliyomo kwenye artemisia, haimo kwenye mafuta ya kukeneka. Haipandi na mvuke, viwandani inatolewa kwa viyeyusho. Tu Youyou, mwanasayansi wa China aliyepata Nobeli mwaka 2015, aliitoa kwa etha baada ya kuona joto la kuchemsha linaiharibu. Na tafadhali, malaria nenda kapime na umeze dozi kamili ya dawa mseto. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya artemisia kutibu wala kuzuia malaria. Bibi mwambie apande kwa ajili ya kufukuza wadudu.

#30 Kalonga wa Mafinga
Kwetu pareto tunalipwa kwa kiwango cha sumu ya kuulia wadudu iliyomo kwenye ua, si uzito peke yake. Wapo walioweka urea, miti ikarefuka, majani mengi, maua machache. Mwingine aliweka ya kupandia tu, DAP, maua yakafunga. Lakini kinachoharibu sumu kuliko mbolea ni uanikaji. Ukianika juani ovyo au ukarundika yakiwa mabichi yakachemka, hata ungekuwa na shamba la peponi bei inashuka. Nadhani na nyie wa mchaichai mtazame kinachotokea baada ya kukata, si kabla tu.

#31 Mama Chupa
#30 umegusa. Na kwenye moto pia. Kijana akichochea kama anapika ubwabwa wa harusi, maji ya kupozea yanapata moto, mvuke unatoka bila kugeuka, mafuta yote yameenda kwa majirani. Ukisikia harufu nzuri imejaa uwanja mzima, hiyo hasara yako inakunukia.

#32 Daktari wa Udongo
Turudi kwenye udongo kidogo. Urea ikimwagwa juu ya ardhi kavu yenye joto sehemu yake inaruka hewani ikiwa amonia, kwa hiyo kisoda kimoja ulichoweka si kisoda kilichofika kwenye mzizi. Ifukie au weka kabla ya mvua nyepesi. Pia urea na SA (salfeti ya amonia) zikirudiwa miaka zinazidisha uchachu wa udongo, na milima ya Amani tayari ina uchachu. Muheza mna bahati, TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo, wako hapohapo, kazi yao udongo. Peleka sampuli kabla ya kununua mfuko mwingine.

Kama fosforasi ni haba, mbolea ya fosfati ya Minjingu inafanya kazi vizuri kwenye udongo wenye uchachu na ni mwamba wa hapahapa Manyara.

#33 Kalonga wa Mafinga
Minjingu ni taratibu mno kwa nyasi inayokatwa kila baada ya miezi miwili. DAP inaonekana ndani ya wiki.

#34 Daktari wa Udongo
Mchaichai unakaa shambani miaka minne, mitano. Una haraka gani?

#35 Kalonga wa Mafinga
Ada ya shule ina haraka.

#36 kijana_wa_Moro
Halafu kuna kuvu wa mizizi. Mrehani uliopandwa na kuvu hao kwenye majaribio kadhaa ulitoa mafuta mengi zaidi, na fosforasi nyingi ya dukani inawapunguza. Kwa hiyo samadi inaweza kushinda si kwa virutubisho vyake bali kwa viumbe inaowalisha. Naweka kama hoja ya ziada, msinirukie.

#37 Mzee wa Makonyo
Hayo makapi yanayotoka kwenye pipa mnafanya nini? Sisi hatutupi. Yarudishwe shambani chini ya mashina, na majivu ya moto pia. Potasiamu aliyoilia Njuguna imo humo.

#38 Njuguna wa Nanyuki
Mzee leo umenishinda kwa hoja yangu mwenyewe. Naongeza tu: makapi yaoze kwanza, ukiyafukia mabichi yanakula naitrojeni ya udongo wakati wa kuoza.

#39 Bint wa Wete
Samahani, mnunuzi wako wa mafuta anataka ya kilimo hai? Maana kama shamba lina nembo ya Kilimohai, urea hairuhusiwi. Kuna kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007, na ukivunja unarudi kwenye kipindi cha mpito. Wasije wakakufuta kwa kisoda.

#40 Shamba_Bondeni
Nembo sina, ila kwenye chupa nimeandika "asilia".

#41 Mchunga_Mbuzi
Asilia ya wapi, Bandari ya Dar? 😂

#42 Mama Chupa
Fanya hivi: mistari sita ya shamba la babu TU, mche mmoja. Miwili urea, miwili samadi, miwili usiweke kitu. Ipishanishe, usiweke urea yote bondeni. Kata siku moja, jua likiwa limepiga siku mbili. Pima kilo. Moto uleule, saa zilezile. Leta majibu humu. Ukija na "shemeji kachukua mzani" tutakufungia.

#43 kijana_wa_Moro
Na pima kila mkato, si mmoja. Mkato wa masika na wa kiangazi hufanana mara chache.

#44 Kipilipili
Mimi bado nasema ni sitronela.

#45 Bint wa Wete
Haya majani marefu ya urea usiyamalize pipani. Kuna mtu Tanga mjini anapakia chai ya mchaichai kavu, anachukua kwa kilo, anapenda mapana ya kijani. Nikutumie namba yake?

#46 Shamba_Bondeni
Nitumie PM dada, leo leo.

#47 Njuguna wa Nanyuki
Mwambie yameotea urea.

#48 Shamba_Bondeni
Akiuliza nitamwambia.